Kompyuta ya Mwanachuo Ichaguliwe Kama Zana

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wazazi wakiisha kulipa ada na kununua godoro, ndoo na sare, huja swali moja ambalo wanachuo huwauliza wakufunzi wao faraghani: "Mwalimu, ninunue kompyuta gani?" Swali hili si dogo. Katika mkoa wetu wa Katavi fedha ya kompyuta aghalabu haitoki katika akiba ya benki. Hutoka katika magunia ya mpunga wa Mpimbwe, katika tumbaku ya Nsimbo, katika asali ya Inyonga, au katika ng'ombe mmoja aliyekuwa akitegemewa kwa kulimia. Mwanachuo anayechagua vibaya hapotezi fedha yake mwenyewe. Anapoteza jasho la watu ambao hawakuwapo dukani wakati wa kuchagua, na ambao hawana njia ya kujua kama kilichonunuliwa kinafaa au hakifai.

Maoni yangu katika makala haya ni kwamba kompyuta mpakato ya mwalimu mtarajiwa ichaguliwe kwa kanuni zile zile tunazozifundisha katika mada ya zana za kufundishia na kujifunzia. Hatuwafundishi wanachuo kuanza na zana, kisha waitafutie somo. Twawafundisha kuanza na lengo, kuwatazama wanafunzi na mazingira yao, ndipo waamue kama somo linahitaji chati, kifaa halisi, au vizibo vya soda vya kuhesabia. Kwa hiyo hustaajabisha kumwona mwanachuo aliyepata alama nzuri katika mada hiyo akiingia dukani na kuuliza jambo la kwanza kabisa: "Ipo ya rangi ya fedha?"

Taifa letu lina historia yake katika jambo hili, nayo yafaa kukumbukwa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haukupita muda mrefu kabla ya matatizo kuonekana: mfumo wa hesabu za serikali ulikuwa umetiwa katika mashine ilhali wataalamu wazalendo wa kuuendesha walikuwa wachache mno, na nchi ikawa inategemea wageni kwa kila marekebisho. Mwaka 1974 serikali ilitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini. Wako wanaoicheka amri hiyo leo, kwa kuwa ilituchelewesha. Mimi siitetei, lakini siicheki. Ndani yake mlikuwa na swali la haki, ambalo mnunuzi wa kompyuta moja tu anapaswa kujiuliza kama lilivyopaswa kuulizwa na wizara: mashine hii itafanya kazi gani, nani ataiendesha, na ikiharibika nani ataitengeneza?

Tuanze basi na kazi. Mwanachuo achukue karatasi na kuandika mambo yote atakayoyafanya kwa kompyuta katika juma moja la masomo, na juma moja la mazoezi ya kufundisha. Orodha yenyewe haitakuwa ya kutisha. Ataandika insha na kazi za kundi. Atatayarisha azimio la kazi na andalio la somo. Atasoma vitabu na mihtasari ambayo Taasisi ya Elimu Tanzania imeiweka katika maktaba yake ya mtandaoni, na haja hiyo imekua tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika mwezi Januari 2024. Atajumlisha alama za wanafunzi na kutafuta wastani. Atachora au kutafuta picha za kuwaonyesha watoto mzunguko wa maji au sehemu za ua. Katika kazi zote hizi hakuna hata moja inayohitaji mashine yenye nguvu kubwa. Kinachohitajika ni mashine inayowaka upesi, yenye kibodi imara na skrini isiyoumiza macho, na isiyozimika katikati ya sentensi.

Orodha hiyo, hata hivyo, haijakamilika, na hapa ndipo wanachuo wengi hukosa ukweli mbele ya wazazi na mbele yetu. Husema kompyuta ni ya masomo. Kisha usiku ukiingia bwenini, husikika vicheko, mpira wa Ulaya, singeli, na filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Sioni aibu katika hayo. Kijana wa miaka ishirini aliyefika chuoni kutoka Karema au Mishamo, mbali na nyumbani, anahitaji burudani kama anavyohitaji chakula, na afadhali aipate chumbani pamoja na wenzake kuliko kuifuata katika vibanda umiza vya mjini hadi saa sita za usiku. Ubaya ni kuificha katika hesabu. Burudani isiyotajwa wakati wa kununua huja kudai nafasi yake baadaye: diski hujaa filamu hadi mahali pa kuweka kazi za chuo pakakosekana, na betri humalizwa na muziki kabla ya kipindi cha kujisomea.

Tena mpaka kati ya burudani na elimu si ukuta kama wengine wanavyodhani. Redio ilikuwa chombo cha muziki na salamu katika nyumba zetu, na redio hiyo hiyo ndiyo iliyobeba kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walipokutana katika vikundi vyao kusikiliza vipindi, kusoma vijitabu na kujadiliana habari za malaria, maji safi na vyoo. Hakuna aliyewaambia wanakijiji wanunue redio moja ya masomo na nyingine ya taarabu. Mwalimu mwenye jicho la kazi yake anaweza kutazama filamu kwa raha zake na bado akaona jinsi msimulizi anavyoishika hadhira, anaponyamaza, anapopandisha sauti, anapowauliza watazamaji swali bila kungoja jibu. Hayo ni mambo ya ufundishaji wa Kiswahili. Basi iandikwe katika orodha: filamu, muziki, mpira. Michezo mizito ya kompyuta, ile yenye magari na vita vya picha za kung'aa, naiondoa mimi mwenyewe bila kuomba radhi. Huhitaji kifaa maalumu cha picha ambacho hupandisha bei, hutoa joto jingi, na hunywa umeme kama lori linavyokunywa dizeli mlimani.

Baada ya kazi huja mazingira. Mwanachuo asiifikirie kompyuta yake katika bweni tu. Aifikirie katika shule atakakopelekwa kwa mazoezi, na hatimaye katika kituo chake cha kazi, ambacho huenda kikawa kijiji chenye vumbi jekundu kuanzia Juni hadi Oktoba na matope kuanzia Desemba hadi Aprili. Mji wenyewe wa Mpanda ulitegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, na wakazi wake wanazijua vyema jioni za giza. Katika vijiji vingi mwalimu huishi kwa paneli ya jua iliyo juu ya bati. Basi pia huingia katika hesabu: mashine itabebwa juu ya magoti au ndani ya begi katika barabara za makorongo, na itadondoshwa walau mara moja.

Mazingira haya ndiyo yanayonifanya niseme jambo ambalo wauzaji wengine hawatalipenda. Kwa mwanachuo mwenye fedha kidogo, kompyuta iliyotumika, iliyoundwa kwa ajili ya ofisi, ni bora kuliko kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa. Najua neno "mtumba" huwachukiza wazazi. Mzazi aliyeuza ng'ombe angependa kuona boksi jipya likifunguliwa mbele yake. Lakini tuzitazame mashine zenyewe.

Tuseme mwanachuo ana shilingi 500,000. Kwa fedha hiyo, mashine mpya atakayoonyeshwa huwa nyembamba, nyepesi na ya kupendeza. Ndani yake aghalabu mna prosesa dhaifu ya daraja la Celeron, ramu ya gigabaiti 4, na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina iitwayo eMMC. Ramu ni kumbukumbu ya muda, mfano wa meza ambayo mwanafunzi hutandaza madaftari anayoyatumia kwa wakati huo. Hifadhi ni kabati la vitabu. Meza ya gigabaiti 4 ni finyu kwa programu za siku hizi. Na katika mashine nyingi za namna hii, ramu na hifadhi zimechomelewa kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi. Haziondoki. Meza haipanuliki wala kabati halibadilishwi. Kikifa kimoja, mashine yote imekufa.

Kwa fedha inayokaribia hiyo, soko la mtumba lina mashine ambazo zilitumika miaka mitatu au minne katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, kisha zikafika Kariakoo na kutoka huko kuja mikoani: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook na ProBook za HP. Ni nzito kidogo na hazina urembo. Lakini zilitengenezwa kwa matarajio kwamba fundi wa ofisi atazifungua. Katika nyingi kati ya hizo skurubu chache zikilegezwa mfuniko wa chini hutoka, na ndani yake diski hubadilishwa, ramu huongezwa, betri huondolewa na kuwekwa nyingine, hata kibodi. Kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi, vipuri vyake vipo, na fundi wa Mpanda anayejua kutengeneza moja huweza kutengeneza ya jirani yake. (Reli yetu ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Machimbo yale yaliisha zamani, reli ikabaki kuwa njia ya abiria na mazao. Kitu kilichojengwa kwa kazi nzito hupata kazi nyingine.)

Nitaulizwa habari ya dhamana. Mashine mpya huja na dhamana ya mwaka mmoja. Ya mtumba huja na ahadi ya mdomo ya juma moja. Ni hoja nzuri, wala siidharau. Ila msomaji aulize dhamana hiyo hutekelezwa wapi. Ikiwa mashine lazima isafirishwe hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa, ikae huko kwa majuma kadhaa, na mwanachuo agharimie usafiri, basi dhamana hiyo imeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam. Akipatikana muuzaji mwenye fundi wake hapa hapa mjini na anayeandika miezi sita katika risiti, hapo mizani hubadilika, na mtu mwenye fedha zaidi anaweza kununua mpya kwa moyo mweupe.

Sasa tuingie ndani ya mtumba wenyewe, maana humo pia mna mitego, na mkubwa kuliko yote ni wa majina. Wanachuo wamesikia kwamba "Core i7" ni bora kuliko "Core i5", na i5 kuliko i3. Ndivyo ilivyo kwa mashine za umri mmoja. Lakini i7 ya mwaka 2012 na i3 ya mwaka 2018 ni sawa na mwanariadha mzee na kijana mwenye kipaji cha kawaida: jina la mzee ni kubwa, ila mbio ni za kijana. Umri husomeka katika namba inayofuata kistari. Prosesa iliyoandikwa i5-8350U ni ya kizazi cha nane, kwa sababu namba inaanza na 8. Iliyoandikwa i7-3520M ni ya kizazi cha tatu. Jambo hili lina uzito wa pekee sasa, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Muuzaji anayeweza kukuuzia mashine ya kizazi cha nne au cha sita kwa bei nzuri mno huenda anaijua tarehe hiyo vizuri kuliko wewe.

Mashine hizo za zamani hazikufa. Zinaweza kuendeshwa kwa Linux, ambayo haina malipo na haina haja ya prosesa mpya, na kwa kuandikia ipo LibreOffice, nayo bila malipo. Kiswahili hakikuachwa nyuma katika njia hiyo: mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa lugha yetu, mwaka 2004. Mwanachuo mwenye moyo wa kujifunza aweza kupata hapo mashine ya bei ya chini sana. Asiye na moyo huo, na asiye na rafiki wa kumwelekeza, anunue ya kizazi cha nane.

Kwa habari ya ramu, gigabaiti 8 zinatosha orodha yetu yote. Kwa habari ya hifadhi nina msimamo mkali zaidi: iwe diski ya SSD, hata kama ni ya gigabaiti 256 tu, wala isiwe ile ya kale yenye sahani inayozunguka, hata kama muuzaji anaisifu kwamba ina gigabaiti 1,000. Katika diski ya kale kuna sahani inayokimbia mara elfu kadhaa kwa dakika na sindano inayoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ipigishe kishindo ikiwa inafanya kazi, na sindano hugusa sahani. SSD haina kitu kinachotembea. Zaidi ya usalama huo, huiwasha mashine kwa sehemu ya dakika pale ambapo ya kale huchukua dakika mbili tatu, na haitumii umeme mwingi. Filamu za ziada ziwekwe katika diski ya nje au flashi, ambayo ikifa haifi na andalio la somo.

Nimefika katika betri, ambayo kwangu ni jambo la kwanza, ingawa wauzaji hulitaja la mwisho. Hesabu yake ni ya darasa la sita. Uwezo wa betri huandikwa kwa wati-saa, na matumizi ya mashine hupimwa kwa wati. Tuseme betri ilikuwa na wati-saa 48 ilipokuwa mpya, na mashine hutumia wati 12 unapoandika na kusoma. Gawanya 48 kwa 12: saa 4. Lakini hii ni ya mtumba, na betri imechakaa hadi asilimia 60. Zimebaki wati-saa 28.8, yaani saa 2 na dakika 24 za kuandika. Ukitazama filamu, skrini iking'aa na spika zikinguruma, matumizi hupanda; tuseme ni wati 16. Hapo utapata saa 1 na dakika 48, na filamu ya saa mbili itazimika kabla mhalifu hajakamatwa. Ndiyo sababu nasema mnunuzi asikubali neno "betri nzima" bila namba. Katika Windows, akiandika amri ya powercfg /batteryreport katika dirisha la amri, mashine hutoa taarifa inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Muuzaji mwaminifu haoni taabu kuifungua. Betri ikiwa chini ya nusu, bei ya betri mpya itolewe katika bei ya mashine.

Jamaa wa betri ni jua. Mkoa wa Tanga ulitupatia somo lenye faida katika miaka ya 2017 hadi 2019, wakati wa shindano la kimataifa la XPRIZE la kuwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa vishikwambi. Watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wengi wao wakiwa hawaendi shule, na kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Magazeti yaliandika mengi kuhusu programu zilizoshinda. Mimi naona kituo cha kuchajia kilistahili makala yake. Bila hicho, programu bora kuliko zote ingedumu siku moja.

Mwalimu wa Katavi afanye hesabu hiyo hiyo kwa nyumba yake. Paneli ya wati 50 katika jua zuri la saa tano hutoa wati-saa 250 kwenye karatasi. Tukiondoa theluthi moja kwa ajili ya joto, nyaya na upotevu mwingine, zinabaki kama 167. Saa nne za kompyuta yetu hutumia wati-saa 48. Zilizosalia zatosha simu na taa. Lakini kompyuta za zamani huhitaji umeme wa volti 19 au 20 kupitia chaja yake ya ukutani, kwa hiyo mwalimu hulazimika kununua inveta, ambayo nayo hula sehemu ya umeme. Mashine zenye tundu la USB-C linalopokea chaji huweza kuchajiwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa moja kwa moja katika mfumo wa volti 12, kama vile vinavyotumika katika magari. Mtu akiwa na mashine mbili mbele yake, zikilingana kwa mambo mengine yote, tundu hilo ndilo limfanye achague. Na ahakikishe kwamba linachaji kweli, kwa kuwa katika mashine nyingine tundu la sura hiyo hiyo ni la kupitishia data tu.

Wapo wenzangu wasemao kwamba mjadala huu wote hauna haja, kwani simu inatosha, na zaidi ya hayo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu wa shule za umma. Kishikwambi ni chombo kizuri cha kusomea kitabu na kuwaonyesha watoto picha. Simu nayo hufaa kwa mawasiliano. Lakini mwalimu ni mtu anayetunga: hutunga mtihani, andalio, hadithi ya darasa la pili, barua ya kwa mzazi. Sijapata kuona mtu akitunga jaribio la maswali 45 lenye michoro kwa kidole gumba na akamaliza akiwa na furaha. Kuhusu shauri la wanachuo wanne kuchangia mashine moja, linafaa hadi siku ya kugawanywa kwa mazoezi ya kufundisha, mmoja anapopangiwa Majimoto na mwingine Ikola.

Hapa sina budi kugusa upande wa wakufunzi. Baadhi yetu tumeanza kudai kila kazi ya nyumbani iletwe ikiwa imechapwa kwa kompyuta, tangu juma la kwanza, katika vyuo ambavyo chumba cha kompyuta hufunguliwa saa chache na mashine zake hazitoshi nusu ya darasa. Napingana na utaratibu huo. Humfanya mwanachuo maskini anunue upesi chochote kilicho karibu, au alipe kwa ukurasa katika duka la stesheni, ambako kwa muhula mmoja hutumia fedha ambayo ingemwongezea ramu. Mwaka wa kwanza kazi za mkono zipokelewe bila kupunguziwa alama. Mwalimu wa shule ya msingi atasimama mbele ya ubao na chaki kila siku ya maisha yake ya kazi, na hati yake ni zana ambayo haihitaji umeme. Si vibaya akiendelea kuinoa wakati fedha ya kompyuta inatafutwa bila haraka. Chumba cha kompyuta nacho kifunguliwe jioni, chini ya usimamizi wa wanachuo wenyewe, kama tunavyofanya kwa maktaba. Na mara moja kwa mwaka mkufunzi wa somo hilo aifungue mashine moja kuukuu mbele ya wanachuo wote, waione ramu, waione diski, waiguse betri kwa mikono yao. Kipindi kimoja cha namna hiyo kingeokoa ng'ombe wengi.

Siku ya kununua, mwanachuo asiende peke yake, wala asiende jioni. Aende na mwenzake mwenye ujuzi, asubuhi, akiwa na flashi yenye filamu moja na insha moja. Aiwashe mashine na kutazama kama inadai nywila kabla hata Windows haijaanza, kwa kuwa mashine za ofisi nyingine huja zimefungwa na mwenye mali wa zamani, na kufuli hilo laweza kumshinda fundi. Asome namba ya prosesa, ramu na aina ya diski katika mashine yenyewe, si katika kibandiko. Aandike kwa kila kitufe cha kibodi, herufi moja baada ya nyingine. Aguse kila tundu kwa flashi yake. Afungue skrini nyeupe tupu na kutafuta madoa. Aombe risiti ya EFD yenye jina la duka na namba ya mashine, ambayo itamlinda pia ikiwa mashine hiyo iliibwa mahali. Kisha achomoe chaja, aicheze filamu yake kwa nusu saa nzima huku akipiga soga na muuzaji, na aangalie asilimia ya betri imeshuka kiasi gani na kama sehemu ya chini imekuwa ya moto. Muuzaji asiyeikubali nusu saa hiyo aagwe kwa heshima, na mwanachuo aende duka la pili.